STATA YA KINU CHA POSHO: TUIJENGE UPYA, LAKINI KINU KISIJIWASHE CHENYEWE

Somo letu la mara hii ni juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona, ila ni wachache wanaokijua. Ni lile sanduku lililo ukutani kando ya kinu cha posho, lenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Mafundi wanaliita stata. Stata ikiharibika kinu kinasimama, hata kama mota yenyewe ni nzima kabisa. Na hapo ndipo watu huanza kutafuta njia ya mkato.

Tunataka tusome pamoja mambo matatu: stata inafanya kazi gani, namna ya kuijenga upya kwa kushirikiana na fundi, na jambo moja ambalo stata ya kujitengenezea haiwezi kukosa. Jambo lenyewe tunalitaja mapema ili lisisahaulike: stima ikipotea halafu ikarudi, kinu kisijiwashe chenyewe. Kingoje mtu aje akiwashe.

KUTOKA DIZELI HADI STIMA

Huku Marafa, na vivyo hivyo Garashi, Adu na kwingineko Magarini, sima ndiyo chakula cha kila siku. Kinu kinaposimama anayeumia kwanza ni mama wa nyumbani, manake itabidi abebe debe lake la mahindi mpaka kinu cha mbali. Kwa hiyo haraka ya kufufua kinu tunaielewa. Wanachama wanalalamika, mapato yamekatika, na mweka hazina anaulizwa kila siku.

Vinu vingi vya vijijini vilianza na injini za dizeli, na vingine bado vipo. Injini ya dizeli ya hendeli ina tabia moja nzuri: ikizima, imezima. Haiamki mpaka mtu ashike hendeli na kuizungusha kwa nguvu zake. Mota ya stima haina tabia hiyo. Ikipata stima inazunguka, ikikosa inasimama, ikipata tena inazunguka tena. Haiulizi nani yuko karibu.

Sasa hebu fikirini. Msagaji yuko kazini, stima inapotea. Kinu kinasimama kikiwa na mahindi ndani. Msagaji anafungua mlango wa kinu ili atoe mahindi yaliyokwama kwenye chekeche, au anashika mkanda uliolegea. Baada ya dakika kumi stima inarudi. Kama stata ni nzima, hakuna lolote litakalotokea. Lakini kama mtu aliondoa stata akaweka swichi ya kawaida, kama ile ya taa, nyundo za kinu zinaanza kuzunguka huku mkono uko ndani. Hakuna kengele wala honi ya kumwonya.

Na stima yetu tunaijua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima ya Kenya, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Hakuna aliyejua itarudi saa ngapi kijijini kwake. Tena, mbali na siku kubwa kama ile, kuna yale makatiko madogo ya kila wiki, upepo ukivuma au mti ukiangukia waya. Kila stima inaporudi, stata zote zinapimwa kama ni nzima au ni kiraka.

KAZI NNE ZA STATA

Kwanza, kuwasha mota kwa kidole, bila mtu kushika waya wenye moto.

Pili, kuzima mota mara moja kwa kidole.

Tatu, kulinda mota isiungue ikizidiwa na mzigo, au mojawapo ya nyaya za stima ikikosa nguvu.

Nne, kulinda watu wakati stima inaporudi.

Ukitengeneza sanduku linalofanya kazi mbili za kwanza tu, kinu kitasaga na watu watafurahi. Kazi ya tatu na ya nne hazionekani siku ya kwanza. Zinaonekana siku ya shida, na siku hiyo hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

VITU VILIVYOMO NDANI

Ukifungua stata ya kawaida ya mota ya fezi tatu utakuta vitu hivi:

1. Kontakta. Hii ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Koili ikipata stima inakuwa sumaku, inavuta vyuma vya swichi vigusane, na mota inapata nguvu. Koili ikikosa stima, springi inavirudisha vyuma nyuma. Ule mlio wa "ta!" mnaousikia mkibonyeza kijani ni wa kontakta.

2. Ovalodi. Hii inakaa chini ya kontakta. Inapima joto la stima inayokwenda kwenye mota. Mota ikivuta stima kupita kiasi kwa muda, ovalodi inakata njia ya koili na kontakta inaachia. Ina kigurudumu kidogo chenye namba za ampea.

3. Kitufe cha kijani. Hiki huwa wazi, na kikibonyezwa ndipo kinaunganisha.

4. Kitufe chekundu. Hiki ni kinyume chake. Huwa kimeunganisha, na kikibonyezwa kinakata.

5. Fyuzi ndogo ya njia ya koili, na waya wa athi uliofungwa kwenye bati la sanduku.

Nje ya stata panatakiwa swichi kuu inayoweza kufungwa kwa kufuli, pamoja na fyuzi au breka za mota. Karibu na kinu panafaa kitufe cha dharura, kile chekundu chenye kichwa kipana kama uyoga, ambacho mtu anaweza kukipiga kwa kiganja au kwa kiwiko.

NJIA YA STIMA NDOGO

Katika stata mna njia mbili za stima. Njia kubwa inakwenda kwenye mota. Njia ndogo inaongoza tu. Siri yote iko katika njia ndogo.

Stima ndogo inatoka kwenye fezi moja na kupita fyuzi ndogo. Inapita ovalodi kwenye skrubu namba 95 na 96. Inapita kitufe cha dharura, halafu kitufe chekundu, halafu kitufe cha kijani, ndipo inaingia kwenye koili kwa skrubu A1. Inatoka kwa A2 na kurudi kwenye nyutro. Vyote hivi vimepangwa mstari mmoja kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akikataa, ndoo haifiki.

Kuna kitu kimoja zaidi. Kontakta ina swichi ndogo ubavuni, skrubu 13 na 14, ambayo inajifunga pamoja na ile kubwa. Swichi hiyo inaunganishwa sambamba na kitufe cha kijani. Kazi yake ni nini?

Fikirini mlango wenye springi, ambao ukiuachia unajifunga. Kitufe cha kijani ni mkono wa mtu anayeusukuma mlango ufunguke. Mlango ukishafunguka, kontakta inauegemea kwa bega ili usijifunge, hata yule mtu akiondoa mkono wake. Bega hilo ni 13 na 14. Stima ikipotea, bega linakosa nguvu na springi inaufunga mlango. Stima ikirudi inakuta mlango umefungwa, hakuna bega wala mkono. Lazima mtu aje ausukume tena.

Basi hiyo ndiyo kinga yenyewe. Haihitaji kompyuta wala chombo cha bei kubwa. Ni waya mbili fupi zilizofungwa mahali panapostahili.

KWA NINI STATA HUFA

Kabla ya kununua chochote, kikundi kiulize stata ya zamani iliuawa na nini. Huku kwetu sababu za kawaida ni hizi:

Vumbi la unga. Linaingia kila mahali, linakaa kati ya vyuma vya kontakta, na vyuma havigusani sawasawa.

Wadudu. Siafu, nyigu na mijusi wanapenda sanduku lenye joto. Tundu moja la waya lisilozibwa linawatosha.

Chumvi ya bahari. Wenzetu wa Mambrui na Gongoni wanaijua zaidi, lakini kutu haikosi hata huku bara kidogo.

Skrubu zilizolegea. Mtikiso wa kinu unalegeza skrubu, skrubu iliyolegea inapata joto, na joto linaunguza waya.

Stima dhaifu. Kijiji kikiwa mwisho wa laini ndefu volti zinashuka. Kontakta inatetemeka na kulia "trrr", na vyuma vyake vinaungua. Mota nayo inavuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile.

Fezi moja kukosekana. Mota ya fezi tatu ikibaki na mbili inanguruma bila kuanza. Au kama ilikuwa inazunguka inaendelea kwa taabu, na nyaya zilizobaki zinabeba mzigo wa wote. Ovalodi ikiwa nzima itakata. Ikiwa imeondolewa, mota itaungua, na kufunga waya mpya kwenye mota ni gharama kuliko stata.

VIRAKA VYA HATARI

Tunaviorodhesha ili mvikague kesho asubuhi kwenye kinu chenu.

Kuweka swichi ya kugeuza badala ya vitufe viwili. Stima ikirudi, kinu kinaanza.

Kusukumiza kijiti au kipande cha mbao kwenye kontakta ili isiachie. Hapo kitufe chekundu hakizimi tena.

Kukaza kitufe cha kijani kwa mpira au gundi ili kibaki kimebonyezwa. Ni mkono usiotoka mlangoni. Stima ikirudi, kinu kinaanza.

Kuunganisha 95 na 96 kwa waya ili ovalodi "isisumbue". Ovalodi haisumbui bure. Inasema kuna kitu hakiko sawa.

Kuweka waya mnene mahali pa fyuzi. Fyuzi ni ya kuungua ili nyumba isiungue.

Kuacha sanduku bila waya wa athi. Siku waya mwingine ukigusa bati, atakayelishika atapigwa.

KUIJENGA UPYA, HATUA KWA HATUA

Jambo la kwanza: kazi ya kufunga nyaya ni ya fundi wa stima mwenye leseni. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, leseni hizo hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Mwambieni fundi awaonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli hachukii kuulizwa. Lakini kikundi kisikae pembeni kutazama tu, manake kuna kazi nyingi ambazo ni zenu.

Hatua ya 1. Soma kibati cha mota. Safisha kile kibati kilichopigiliwa kwenye mota na uandike kila kitu daftarini: nguvu kwa kilowati au hosipawa, volti, ampea, na mizunguko kwa dakika. Hosipawa 1 ni karibu kilowati 0.75. Kwa mfano, mota ya hosipawa 10 ni ya kilowati 7.5 hivi, na kwenye stima ya fezi tatu ya volti 415 huvuta karibu ampea 14 au 15 ikibeba mzigo wake kamili. Lakini fuateni kibati chenu, msifuate mfano wetu.

Hatua ya 2. Chagua kontakta. Kontakta huandikwa namba mbili za ampea. AC-1 ni ya mizigo kama majiko ya stima. AC-3 ni ya mota. Namba ya AC-1 huwa kubwa na inavutia macho. Nyinyi tazameni AC-3, na iwe sawa au zaidi ya ampea za kibati. Kontakta moja inaweza kuandikwa 32 kwa AC-1 na 18 tu kwa AC-3. Tazameni pia volti za koili: 240 au 415. Koili ya 240 ikifungwa kwenye 415 inaungua hapo hapo.

Hatua ya 3. Chagua ovalodi. Ampea za kibati ziwe katikati ya namba za kigurudumu chake. Mota ya ampea 15 inafaa ovalodi inayoanza 12 hadi 18. Fundi ataweka kigurudumu kwenye ampea za kibati. Mtu akija baadaye akakipandisha ili kinu kisizime, huyo ameanza kuipika mota. Kama ovalodi ina nafasi ya kujirudisha yenyewe na nafasi ya kurudishwa kwa mkono, iwekwe ya mkono. Ikikata, mtu aende akaangalie kwanza kuna nini.

Hatua ya 4. Mota kubwa. Mota inapoanza moja kwa moja huvuta ampea mara 6 hadi 8 ya kawaida kwa muda mfupi, na taa za kijiji zinafifia. Kwa sababu hiyo mota kubwa huwekewa stata ya nyota na delta, yenye kontakta tatu na saa ndogo ya kubadilisha. Stata hiyo hushusha stima ya kuanzia hadi theluthi moja. Kama stata yenu ya zamani ilikuwa na kontakta tatu, msikubali kuwekewa ya kontakta moja bila kuuliza kampuni ya stima. Na namna ya kuweka ovalodi yake ni tofauti, hiyo mwachieni fundi.

Hatua ya 5. Sanduku. Liwe la bati lenye athi, au la plastiki ngumu ya kazi hiyo. Mbao zinashika moto na zinaliwa na mchwa. Masanduku ya kununua huandikwa herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza ni kinga ya vumbi, na kwenye kinu tafuteni 5 au 6. Nyaya ziingie kutoka chini kwa vizibo vya mpira, ili maji yasiteremkie ndani. Sanduku lifungwe kwenye ukuta imara, mbali na mdomo wa unga, mahali ambapo msagaji analifikia bila kupita juu ya mkanda. Kazi ya kujenga ukuta, kupaka rangi na kuziba matundu ni ya kikundi.

Hatua ya 6. Majina. Andikeni kwa rangi isiyofutika: WASHA, ZIMA, DHARURA. Kwa asiyejua kusoma, rangi ya kijani na nyekundu zinatosha, ila zisibadilishwe kamwe. Ndani ya mlango bandikeni mchoro wa nyaya na tarehe. Fundi wa miaka ijayo atawashukuru.

MAJARIBIO KABLA YA KUSAGA

Mwambieni fundi ayafanye haya mbele ya kamati, na katibu aandike.

Jaribio la 1, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu na kufuli limepigwa. Fundi apime kwa mita kuwa kweli hakuna stima. Halafu apime vitufe: kijani kiwe wazi, chekundu na cha dharura viwe vimeunganisha, 95 na 96 ziwe zimeunganisha.

Jaribio la 2, nyaya za mota zikiwa zimetolewa na ncha zake kuzibwa. Stima irudishwe. Bonyeza kijani: kontakta ivute, na ubaki mvuto hata kidole kikiondoka. Bonyeza chekundu: iachie. Washa tena, piga cha dharura: iachie. Washa tena, bonyeza kitufe cha kujaribia ovalodi: iachie.

Jaribio la 3, ndilo kubwa. Washa kontakta. Zima swichi kuu, kama vile stima imepotea. Hesabu hadi kumi, kisha rudisha swichi kuu. Kontakta ibaki kimya. Ikivuta yenyewe, kazi haijakubaliwa na fundi asilipwe mpaka arekebishe.

Jaribio la 4, stima ikatwe tena, kufuli lipigwe, mota iunganishwe bila mikanda. Kisha iwashwe ili kuona inazunguka upande unaotakiwa. Ikizunguka kinyume, stima inakatwa tena, ndipo fundi anabadilishana nyaya mbili za fezi.

Jaribio la 5, mikanda na kingo zake zikiwa zimerudishwa, kinu kisage mahindi kidogo, halafu mzigo kamili. Fundi apime ampea kwa mita ya kubana kwenye kila fezi. Zikaribiane, na zisipite kibati. Namba hizo ziandikwe daftarini. Siku kinu kitakapokuwa kizito mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Baada ya wiki moja, stima ikiwa imekatwa, fundi akaze skrubu zote tena. Baada ya hapo panapasa kukaguliwa na kufutwa vumbi kila miezi mitatu. Wenye mota za fezi moja wakumbuke kuwa kapasita zake hushika chaji hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo mtu asizishike.

HATA MASHINE YA KUKIMBILIA

Vijana wapenda ufundi wanaweza kukutana na mashine kuukuu ya kukimbilia, zile za mazoezi za kwenye jimu na hoteli za pwani. Mara nyingi kinachokufa ni kile kibao cha mbele chenye vitufe na taa, na mota inabaki nzima. Kijana anasema, "Nitatengeneza kibao changu." Inawezekana, na wako watu duniani waliofanya hivyo kwa kutumia mota hizo kwenye tupa za kunolea na vyombo vya kukerezea mbao.

Somo ni lile lile. Kibao cha asili kina kamba nyekundu ambayo mkimbiaji anaifunga nguoni. Akianguka kamba inachomoka na mkanda unasimama. Tena baadhi ya vidhibiti vya mota hizo vinakataa kuanza mpaka kirungu cha mwendo kirudishwe kwenye sifuri. Aliyevibuni alifikiria kama sisi: mashine isianze kwa kasi kabla mtu hajaamua. Kibao kipya kisichokuwa na kamba wala sharti la sifuri hakijakamilika, hata kama taa zake zinapendeza.

Wajue pia mambo mawili. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani huwa za volti 110 hadi 120, na zikichomekwa kwenye 240 zinaungua. Na katika vidhibiti vingi, hata zile nyaya nyembamba za kirungu cha mwendo zimeungana na stima kubwa ya ukutani. Wembamba wa waya usimdanganye mtu.

KANUNI ZA MSAGAJI

Stata nzuri haitoshi kama desturi ni mbaya. Bandikeni haya ukutani:

Stima ikipotea, bonyeza chekundu, kisha zima swichi kuu. Usingoje irudi.

Kabla ya kufungua kinu: zima, piga kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, bonyeza kijani kuhakikisha hakiwaki, ngoja nyundo zisimame. Ndipo ufungue.

Mikanda na puli ziwe na kingo wakati wote. Leso, kanzu na nywele ndefu zikae mbali.

Watoto wasingojee unga ndani ya chumba cha kinu.

Ovalodi ikikata mara mbili kwa siku moja, kinu kipumzike na fundi aitwe.

Kamati nayo ijue kuwa ikimwajiri msagaji imekuwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai sehemu hatari za mashine zizuiwe, na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inamwajibisha mwajiri. Kidole cha mtu hakina bei. Hata hivyo kesi yake inaweza kumaliza akiba ya kikundi ya miaka mingi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Stima ikipotea sasa hivi na kurudi baada ya dakika tano, kinu chetu kitafanya nini? Nani amewahi kujaribu?

2. Kati ya viraka sita tulivyotaja, ni vipi vilivyopo kwenye kinu chetu?

3. Ufunguo wa swichi kuu unakaa kwa nani? Je, una kufuli?

4. Ampea za kibati cha mota yetu ni ngapi? Kigurudumu cha ovalodi kimewekwa wapi?

5. Tukipewa bei mbili, moja ya stata kamili na moja ya swichi tu, tutawaelezaje wanachama kwa nini tunachukua ile ya juu?

Ushauri wetu wa mwisho ni kuhusu hilo swali la tano. Ombeni bei kutoka maduka mawili au matatu ya Malindi au Mombasa, dai risiti, na muulize kuhusu kurudisha kitu kibovu. Kama pesa hazitoshi mwezi huu, ni afadhali kinu kikae kimya wiki mbili huku mkichangishana, na mjipange kupeleka mahindi kwa pamoja kwenye kinu cha jirani kwa gari moja. Akina mama watanung'unika, na wana haki. Lakini kinu kikirudi, msagaji ataweza kuingiza mkono kusafisha chekeche bila kuuliza kama KPLC wako karibu kurudisha stima.

Someni somo hili polepole, jioni moja, mkiwa mbele ya kinu chenyewe. Mwenye ufunguo asimame pembeni ya swichi kuu, na swali la kwanza mlijibu kwa vitendo, kinu kikiwa kitupu, kimefungwa, na watu wote wakiwa mbali nacho. Kazi njema.